Mabao 19, halafu kocha anaandika "miguu mizito"

Kocha, shikamoo.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 15 anayecheza hoki ya barafuni, nafasi ya senta, namba 17 mgongoni. Mchezo huu nimeufuata kwa ajili yake tu. Kabla ya hapo hata kufunga kamba za viatu vya barafu nilikuwa sijui. Sasa nina daftari, na kila mechi naandika.

Msimu huu kacheza mechi 22, mabao 19, asisti 6. Mabao 8 aliyapata katika mechi mbili na timu inayoshika mkia, na mengine 6 ni pale wapinzani walipokuwa pungufu kwa sababu mwenzao amekalishwa kwenye kibanda cha adhabu. Nakuandikia yote, usije ukasema mama anapamba.

Wiki mbili zilizopita kocha wao aligawa karatasi za tathmini. Ya mwanangu ilisema hivi: "Mikono mizuri. Anasoma mchezo. Miguu mizito. Hashindi kona. Shuti dogo. Mchezo wa nyuma: hakuna." Basi. Siku ile ile kamtoa senta kamweka winga, tena safu ya tatu, kundi linaloingia baada ya safu mbili za mwanzo, na mchujo wa timu ya daraja la juu umebaki miezi miwili.

Shemeji yangu, ambaye naye aliwahi kucheza enzi zake, anasema kocha ana lake jambo, kwamba mabao hayadanganyi. Yeye ndiye aliyemnunulia mtoto fimbo mpya, ya watu wazima, "ya kukulia". Inamfika puani akiwa amevaa viatu vya barafu, na imeandikwa 85. Mwanangu ana kilo 52. Alizaliwa Desemba, ndiye mdogo kuliko wote kikosini.

Mimi naona nini? Naona mtoto anayejua kujiweka. Kisahani, ambacho kwenye hoki ndicho mpira wenyewe, kikiwa bado huko kwetu golini, yeye tayari yuko mstari wa katikati, peke yake, anasubiri apewe aende kufunga. Kinachonikera ni kimoja: hatulizi macho. Anageuza shingo huku na huko kama mtu aliyesikia anaitwa. Nampigia kelele nikiwa jukwaani, "Angalia kisahani!", lakini wapi.

Juzi tukiwa kwenye gari akaniuliza, "Mama, kwani mimi ni mzuri au siyo mzuri?" Nikaongeza sauti ya redio, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nisaidie.

Mama Namba 17

* * *

Marahaba, Mama Namba 17.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nikacheka kidogo peke yangu. Si kwa dharau, maana daftari lako ni bora kuliko la makocha wengi niliofanya nao kazi. Nimecheka kwa sababu sifa kubwa ya mwanao umeiandika kama kero, na kasoro yake kubwa umeiandika kama sifa. Hilo likishageuzwa, karatasi ya kocha inasomeka vingine kabisa.

Tuanze na shingo. Kisahani cha hoki kikipigwa pasi kinamfikia mtu kwa kasi ambayo hana nafasi ya kufikiri baada ya kukipokea. Anayekipokea ndipo aanze kutazama nani yuko wapi, ameshachelewa: beki yuko mgongoni, na bega linakuja. Kwa hiyo wachezaji wenye akili hutazama kabla. Jicho moja la haraka juu ya bega la kulia, jingine la kushoto, halafu ndipo fimbo inagusa kisahani. Hilo ndilo skauti, yaani msaka vipaji, huandika kuwa "anasoma mchezo", na ndilo kocha wenu kaandika. Wayne Gretzky hakuwa na mwili wa kuogopesha wala hakuwa mwenye miguu ya kasi kuliko wote wa zama zake, lakini asisti zake peke yake, 1,963, zinazidi pointi zote ambazo mchezaji mwingine yeyote wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, amekusanya, mabao na asisti kwa pamoja. Alikuwa anajua watu wako wapi. Miguu tunaweza kuifundisha. Shingo yenye tabia hiyo katika miaka 15 ni vigumu kuipanda kwa mtu asiye nayo. Nimejaribu kwa vijana wengi, wachache mno walishika. Kwa hiyo, dada yangu, kuanzia mechi ijayo nyamaza. Unampigia kelele aache jambo zuri kuliko yote anayofanya.

Sasa hilo la kusubiri mstari wa katikati. Hapa sitakubembeleza. Sisi tunaita kuvizia, na kwa senta ni kosa zito. Timu ina wachezaji watano mbele ya kipa: mabeki wawili, mawinga wawili na senta. Kisahani kikiwa kwenu, mawinga wanawachunga mabeki wa wapinzani walioko mbali na goli, karibu na mstari wa bluu, ule unaotenga eneo lenu na katikati ya uwanja. Mabeki wenu wawili wanabaki na washambuliaji watatu chini kule, karibu na kipa. Wawili kwa watatu haitoshi, na mtu wa tatu wa kusawazisha hesabu hiyo ni senta. Yaani ni mwanao. Akiwa yuko katikati ya uwanja anasubiri kupewa, maana yake kuna mpinzani mmoja karibu na goli lenu ambaye hana mtu. Kila ukimwona "peke yake, amejiweka vizuri", geuza macho upande wa pili uangalie nani mwingine yuko peke yake.

Ukilijua hilo, uamuzi wa kocha unaacha kuonekana adhabu. Winga ana kazi chache za nyuma na rahisi kuzikumbuka. Kumtoa kijana senta na kumweka winga ni njia ya kawaida ya kumpunguzia mzigo huku mikono yake ikiendelea kutumika. Kama kocha angekuwa na lake jambo, asingeandika "mikono mizuri" kwanza. Safu ya tatu inauma, najua. Lakini mahali pa kumfundisha mtu kukaba bila mechi nzima kuharibika ni pale.

Shemeji yako kasema mabao hayadanganyi. Hayadanganyi, lakini hayasemi yote, na wewe mwenyewe umempa jibu bila kukusudia. Toa mabao 8 ya mechi mbili za timu inayoshika mkia. Toa 6 ya wapinzani wakiwa pungufu. Yanabaki 5 katika mechi 20, watu wakiwa sawa kwa sawa. Kwa mtoto wa Desemba si mabaya hata kidogo, ila si 19. Skauti atakayekuja kwenye mchujo atafanya hesabu hiyo hiyo, tena bila daftari. Asisti 6 ndizo zinanishangaza zaidi, kwa sababu katika hoki bao moja hutoa asisti hadi mbili, na senta anayesoma mchezo vizuri angetarajiwa kuwa nazo nyingi kuliko mabao. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama wenzake wanapoteza nafasi anazowapa, na hapo hana kosa. Ama yuko mbele mno kuliko wenzake, hana wa kumpa pasi ila goli. Ninahisi ni hili la pili. Kwenye daftari lako chora safu mpya, uiite "nafasi alizotengeneza", uhesabu hata zile ambazo wenzake walikosa kufunga. Mechi tano zinatosha kukupa picha.

Nikuonyeshe namna ya kumtazama. Usikae karibu na kioo kinachozunguka uwanja. Pale unaona mabega na kusikia kishindo, mchezo huuoni. Panda juu, upande wa kona. Chagua zamu moja. Zamu ya mshambuliaji ni kama sekunde 45 hivi kabla hajarudi benchi kupumua, na katika hizo sekunde 45 usitazame kisahani kabisa. Mtazame yeye tu. Mara ya kwanza utajisikia mjinga, watu watashangilia bao na wewe hujui nani kafunga. Vumilia.

Unachokitafuta ni kitambo kidogo sana: pale timu yake inapopoteza kisahani. Hesabu hatua tatu za kwanza za miguu yake baada ya hapo. Je, anageuka mara moja na kusukuma? Au anachora duara kubwa la starehe, fimbo mkono mmoja, kama mtu anayerudi kutoka matembezini? Duara lile tunalichukia. Mtoto mwenye kasi anayechora duara anafika nyuma baada ya mzito anayekata kona na kusukuma. Niliwahi kuwa na kijana mmoja, mikono yake ingekutoa machozi, aliyekuwa anapoteza karibu sekunde mbili kwa kila duara. Tulimwekea koni moja kwenye barafu na kumwambia kazi yako ni kugeuka ndani ya koni hii, basi. Baada ya mwezi watu wakaanza kuniuliza nimempa nini, mbona ameongeza kasi. Hakuongeza kasi yoyote.

Ndiyo maana neno "miguu mizito" halinitoshi, na ningekuwa wewe ningemwuliza kocha anamaanisha uzito upi. Kuna mzito wa kuondoka, ambaye hatua zake tatu za mwanzo hazina nguvu. Kuna mzito wa mwendo, ambaye hata akipewa uwanja mzima hafiki. Na kuna asiye mzito, ila amesimama wima mno, magoti hayakunjwi, kwa hiyo kila msukumo unakuwa mfupi. Huyu wa tatu ndiye anayeponyeka haraka. Timu za NHL zilipokuwa zinachagua vijana kwa zamu mwaka 1984, Luc Robitaille alichukuliwa akiwa wa 171, kwa sababu walisema miguu haipo. Akamaliza na mabao 668. Brayden Point naye aliachwa mpaka nafasi ya 79 mwaka 2014. Akafanya kazi na Barb Underhill, bingwa wa dunia wa kuteleza kwa jozi wa mwaka 1984, na leo ukimtazama utabisha kwamba miguu ile iliwahi kuwa tatizo. Katika mechi za mtoano za 2020 na za 2021, alizotwaa kombe mara zote mbili, alifunga mabao 14 kila mwaka. Sisemi mwanao ni Point. Nasema katika orodha yote ya kocha, miguu ndiyo inayofundishika kwa saa na mwalimu.

Kona, yaani kugombea kisahani pembeni ukutani, ni jambo refu kidogo. "Hashindi kona" kunaweza kuwa woga, kunaweza kuwa kutojua, na kunaweza kuwa kilo 52. Kutofautisha si kazi ngumu. Kisahani kikienda kwenye ukuta wa pembeni na wote wawili, yeye na beki, wako umbali sawa, tazama hatua zake mbili za mwisho. Kama anafunga breki kidogo ili beki afike kwanza, huo ni woga, na usimcheke, una sababu. Nchini Kanada na Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, watoto hawaruhusiwi kugongana kwa mwili mpaka waingie ngazi ya miaka 13 na 14. Mwenye miaka 15 ana msimu mmoja au miwili tu tangu aanze kugongwa, na wanaomgonga wengine wameshaota ndevu. Kama hafungi breki lakini anafika kifua kikielekea ukutani, mgongo wazi kwa beki, basi hajui, na hilo lifundishwe wiki hii, si mwezi ujao, maana ndivyo watu wanavyoumia shingo. Aende kwa mshazari, atangulize ubavu, na kabla ya kufika atazame begani aone nani anakuja. Kutazama tayari anajua. Na kama anafanya yote sawasawa, halafu anasukumwa tu kama pazia, huo ni uzito, na dawa yake ni kalenda.

Kuhusu Desemba, mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba vikosi vya juu vya hoki ya vijana vimejaa waliozaliwa Januari, Februari na Machi kuliko miezi ya mwisho wa mwaka. Sababu ni kwamba mwaka wa kujiandikisha unakatwa Januari 1. Mwenzake wa Januari ana karibu mwaka mzima zaidi wa kula, kulala na kurefuka, na kocha akimwona anadhani ni kipaji. Kwa hiyo unapomlinganisha mwanao, mlinganishe pia na wale wa mwaka wa chini yake waliozaliwa Januari. Hao kwa umri ni wenzake kuliko hawa. Lakini habari hii ibaki kwako. Mtoto akishajua kuwa kuna udhuru uliochapishwa vitabuni, atautumia.

Tukija kwenye mchujo, miezi miwili haitoshi kutengeneza yote, na wazazi wengi hukosea hapa kwa kujaribu yote. Miguu haitabadilika sana katika wiki nane. Mwili ndiyo kabisa. Kinachoweza kubadilika kuanzia Jumamosi ni kuvizia na lile duara, kwa sababu havihitaji kipaji, vinahitaji kukubali. Niliwahi kukaa kwenye meza za mchujo. Anayefunga mawili na kutorudi nyuma tunamjadili kwa muda mrefu, na mjadala mrefu kwa kawaida hauishii vizuri kwa mtoto. Anayefunga moja na kukimbilia golini kwao hata akiwa amechoka, jina lake linapita watu wakiwa bado wanakoroga chai.

Mwanao akiuliza tena kwenye gari, mwambie: "Kocha kaandika kwamba unasoma mchezo, na nimeuliza nikaambiwa hilo ni kubwa. Kaandika pia kuwa hurudi nyuma, na hilo nimeliona mwenyewe." Usiongeze. Asubuhi yake, siyo kwenye gari, mwambie akamwulize kocha swali moja: "Kisahani kikiwa kwetu, unataka nisimame wapi?" Aulize yeye, si wewe, wala si shemeji. Kocha akiulizwa hivyo na kijana wa miaka 15 atamchorea kwenye ubao, na nadhani hatamsahau.

Nilichokiacha ni shuti dogo, na hapa nitakugombanisha na ndugu wa mumeo. Ile namba 85 kwenye fimbo ni kipimo cha ugumu: inahitajika nguvu ya ratili 85 kuipinda inchi moja. Shuti la siku hizi halitoki kwenye msuli peke yake. Fimbo inakandamizwa barafuni, inapinda, halafu inaporudi ndiyo inayokirusha kisahani. Wengi huanzia kwenye nusu ya uzito wa mtoto kwa ratili. Kilo 52 ni kama ratili 115, kwa hiyo yeye anahitaji fimbo ya 55 hadi 60. Hiyo ya 85 haipindi mikononi mwake, ni kama anapiga na mchi. Urefu nao: akiwa kwenye viatu vya barafu ingemfika karibu na kidevu. Inayomfika puani inamlazimisha asimame wima, na kisahani kikiwa karibu na miguu yake hawezi kukigusa bila kunyanyua viwiko. Soma tena karatasi ya kocha: shuti dogo, miguu mizito. Sisemi vyote vimeletwa na fimbo, lakini kabla hujalipa mwalimu yeyote, toa fimbo hiyo kwanza.

Mtakuja kushauriana muikate ifupike. Msiikate. Fimbo ikikatwa inazidi kuwa ngumu. Mtafutie ya saizi yake, hata iwe imetumika, na hiyo nyingine mrudishie shemeji kwa heshima zote. Bila shaka yeye ana zile ratili za kuipinda.